Skeli 1:100: Je, Picha ya Kweli Yaweza Kudanganya?

Ndugu msomaji, nianze na swali, nawe unijibu kimoyomoyo kabla hujaendelea. Mtu akikuonyesha kitu jinsi kilivyo, hakuongeza wala hakupunguza hata nukta moja, kisha wewe ukaamini jambo lisilo la kweli kwa sababu ya kile alichokuonyesha, je, amekudanganya? Au umejidanganya mwenyewe?

Wengi wetu tutakimbilia kujibu kwamba uongo ni kusema lisilokuwepo. Ndivyo tulivyofundishwa madrasa na kanisani, na ndivyo walivyotuchapia wazazi. Kama hukusema lisilokuwepo uko salama, nenda zako ukacheze. Mimi nasema jibu hilo halitoshi. Na ushahidi wangu ni jambo dogo ambalo vijana wengi wa mjini tunalifanya bila kulifikiria: kupiga picha ya kioo kizima cha kompyuta wakati juu yake kuna ramani ya nyumba iliyochorwa kwa programu kama AutoCAD, kisha kuituma hiyo picha mahali pa ramani.

Najua kuna atakayeguna, "Huyu naye! Tumenunua gazeti la fasihi, anatuletea mambo ya kompyuta." Vumilia kidogo, bwana. Fasihi nitaifikia, na nitaifikia kwa mlango huu huu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo macho huvichanganya: mchoro, na picha ya mchoro. Ukiwa umekaa mbele ya kompyuta unaona kuta, milango, madirisha. Unadhani faili imejaa mistari. Kumbe ndani ya faili hamna mstari hata mmoja. Mna maneno. Ukuta huu unaanzia hapa, unaishia pale; mlango huu umekaa mahali fulani, upana wake kadhaa. Kila "hapa" na kila "pale" imeandikwa kwa tarakimu kama 15 hivi, usahihi ambao hakuna fundi duniani atakayeuhitaji. Unapovuta ramani karibu, mashine haikuzi picha, inayasoma yale maneno upya na kukuchorea tena. Unaporudi mbali, inasoma tena. Kile unachokiona ni jibu la mashine kwa swali lako la wakati ule: kutoka umbali huu, mambo yanaonekanaje?

Wazo hili halikuanza jana. Mwaka 1963 kijana mmoja wa Marekani, Ivan Sutherland, aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha MIT kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Alichora juu ya kioo kwa kalamu ya mwanga. Ajabu yake haikuwa kwamba kompyuta imechora, bali kwamba mistari ilikuwa na ahadi baina yake. Ungeweza kuiagiza mistari miwili ikae sambamba, au iwe na urefu sawa, na mashine ikahakikisha agizo linatimia. Mchoro ulikuwa mkataba tangu siku hizo. AutoCAD ilipoanza kuuzwa mwaka 1982, wachoraji wa kawaida nao wakaanza kupata mikataba hiyo kwenye kompyuta ndogo za mezani.

Sasa bonyeza kitufe cha kupiga picha ya kioo. Kinachotokea ni nini? Mkataba wote unaachwa nje, linachukuliwa jibu moja tu. Kwenye kioo cha kawaida cha siku hizi chenye nukta 1,920 kwa 1,080 utapata nukta milioni mbili na ushei zenye rangi. Basi. Hakuna ukuta tena, hakuna mlango, hakuna urefu. Nukta nyeusi iliyo pembeni mwa nukta nyeusi nyingine haijui kama ni ukuta wa jiko au ni herufi ya jina la mteja.

Ili uone ukubwa wa tofauti hiyo, nikupe mfano ambao wachoraji wa zamani wanaujua. Katika miaka ya 1980 John Walker, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Autodesk inayotengeneza AutoCAD, alichora mchoro wa kuonyesha uwezo wa programu yao. Alichora mfumo mzima wa jua, mpaka njia ya Pluto. Lakini ukivuta karibu unaikuta dunia na mwezi wake. Ukivuta tena unakikuta chombo cha Apollo kimetua mwezini. Ukizidi kuvuta, kwenye mguu wa chombo kuna kibao. Vyote hivyo ndani ya faili moja.

Haya, mchoro huo ukiwa umeenea kioo kizima, piga picha. Hesabu mwenyewe: njia ya Pluto ina upana wa kilomita bilioni 12 hivi. Ukiugawa kwa nukta 1,080 za kimo cha kioo, kila nukta inabeba karibu kilomita milioni 11. Jua lenyewe, pamoja na ukuu wake, halifiki hata sehemu ya saba ya nukta moja. Umbali wa kutoka hapa mpaka mwezini unaingia ndani ya nukta ile ile mara 28. Je, kile kibao kimo kwenye picha? Aliyepiga picha ataapa kwamba kilikuwepo mbele yake, na hatakuwa ameapa uongo. Anayeipokea ataapa kwamba hakipo, naye hatakuwa ameapa uongo.

Hapo nasikia mtu akisema: hiyo ni michezo ya wasomi, haimuumizi mtu. Basi tushuke kutoka Pluto tuje kwenye kiwanja chenye mchanga na kokoto.

Ramani ya nyumba inapochapwa sawasawa, kwenye kona yake huandikwa skeli, mathalani SKELI 1:100. Maana yake ni kwamba sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya ardhini. Mchoraji ameyaandika maneno hayo kwa haki, kwa sababu faili yake ikipelekwa kwenye plota, karatasi itakayotoka itayatii. Sasa tuseme mteja ana haraka. Mchoraji anaitandaza ramani kioo kizima, mita 30 za kiwanja kutoka ukingo mpaka ukingo, anapiga picha, anaituma kwenye simu. Mteja anakwenda steshenari ya karibu, kijana wa pale anaitoa kwenye karatasi ya A4, ikijaa sentimita 27 za upana. Inapendeza. Kila kitu kipo. Na kule kwenye kona, maneno yapo vile vile: SKELI 1:100.

Fundi anachukua rula. Chumba ambacho mchoraji alikipa mita 3.6 sasa kwenye karatasi kina sentimita 3.24. Fundi anasoma mita 3.24. Sentimita 36 zimepotea katika chumba kimoja. Kitanda ulichokipigia hesabu na kabati ulilokwishaagiza havitakaa pamoja.

Nitazame vizuri hapa, ndugu msomaji, maana ndipo penye uzito. Nani amesema uongo? Mchoraji aliandika kweli. Kioo kilionyesha kweli. Kitufe kilinakili kweli, hakikubadilisha herufi. Kijana wa steshenari alitoa alichopewa. Na bado kwenye ile karatasi kuna sentensi ya uongo! Sentensi ile ile, herufi zile zile, ilikuwa kweli ilipokaa kwenye mchoro na ikageuka uongo ilipohamia kwenye picha. Hakuna aliyeigusa. Imehama tu.

Mzee mmoja, fundi mwashi wa siku nyingi mtaani kwetu, hukataa kabisa kujenga kwa picha ya simu isiyokuwa na vipimo vilivyoandikwa. Nilimwuliza sababu, maana vijana wenzake wa kazi wanamcheka kwamba amepitwa na wakati. Akaniambia, "Mwanangu, ramani naweza kuibishia ikanijibu. Nikiona urefu haunikai, nahesabu vyumba, najumlisha, naikamata. Hiyo picha yenu nikiiuliza haijibu. Inanitazama tu."

Mzee yule hajawahi kukaa mbele ya AutoCAD, na amesema alichokisema Sutherland. Mchoro unaulizika. Picha haiulizwi.

Tena usidhani ukivuta ile picha kwa vidole viwili utapata zaidi. Katika mfano wetu kila nukta ni karibu milimita 16 za ardhini. Ukuta wa tofali la inchi sita unapata nukta kama kumi. Nondo ya milimita 12 ni nyembamba kuliko nukta yenyewe, lakini kioo hakiwezi kuchora mstari mwembamba kuliko nukta moja, kwa hiyo nondo hiyo huonyeshwa nene kuliko ilivyo. Programu nyingi za kutumiana ujumbe nazo huifinya picha tena njiani. Kuvuta karibu ni kukuza nukta, si kukaribia nyumba.

Watengenezaji wa AutoCAD wenyewe walilijua jambo hili mapema. Ndani ya programu waliweka amri ya MSLIDE, yenye kutengeneza picha ya mchoro kama unavyoonekana wakati ule, na VSLIDE ya kuitazama. Ukiiita, picha inakaa juu ya mchoro wako na kuufunika. Huwezi kuihariri. Ukiamuru kioo kichorwe upya, inatoweka, na mchoro unarudi ukiwa palepale ulipokuwa. Nayapenda maarifa hayo: picha imepewa nafasi yake, lakini haikupewa kiti cha mwenye nyumba.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, kwa sababu la skeli mtu anaweza kuliita bahati mbaya. Michoro hii hupangwa kwa leya, yaani matabaka. Kuta leya yake, umeme leya yake, mabomba ya maji machafu leya yake, mipaka ya kiwanja leya yake. Kila leya ina alama ya taa ndogo. Ukiizima taa, leya nzima inatoweka machoni, lakini katika faili ipo. Ni jambo jema na la lazima. Fundi umeme hahitaji kuona mabomba.

Tuseme kuna dalali anayeuza kiwanja chenye nyumba. Katika mchoro, leya mojawapo inaonyesha kwamba hifadhi ya barabara inakata ukumbi na vyumba viwili. Dalali anamwomba mchoraji, "Kijana wangu, hebu nizimie hiyo, mteja anataka kuona nyumba tu." Taa inazimwa. Picha inapigwa. Mjane mwenye mafao ya marehemu mumewe anaitazama, anaona nyumba nzuri, analipa. Hakuna mstari hata mmoja wa uongo kwenye picha ile. Kila ukuta upo mahali pake. Wakija wenye barabara na alama yao nyekundu ya X ukutani, dalali atasema: nilimwonyesha ramani.

Ukishikilia kwamba uongo ni kusema lisilokuwepo, itakubidi umwachie dalali huyo aende nyumbani, pamoja na yule mchoraji. Mimi siwezi. Na nadhani hata wewe huwezi.

Lakini tuwe waangalifu, tusije tukaangukia upande wa pili. Mtu mwerevu atanijibu: kila mchoro huacha mambo, kila sentensi huacha mambo, hata wewe katika makala yako umeacha mengi. Kama kuacha ni kudanganya, basi sote ni waongo na tufunge midomo. Ana haki. Ramani inayoonyesha kila kitu haisomeki. Kwa hiyo kosa haliwezi kuwa katika kuacha. Kosa ni lipi?

Mimi naona kosa linakaa katika ahadi. Ninapokupa picha, nakupa vitu viwili kwa wakati mmoja: nukta, na ahadi kuhusu nukta hizo. "Hii ni ramani ya nyumba" ni ahadi. "Hivi ndivyo ilivyoonekana kwenye kioo changu leya nne zikiwa zimezimwa" ni ahadi nyingine. Nukta ni zile zile. Dalali hakusema uongo kwa nukta, amesema kwa ahadi, na ahadi hiyo aliitoa kwa kukaa kimya huku akijua mama wa watu anaipokea vipi.

Historia inatuonyesha gharama ya kutojua ni ahadi gani imetolewa. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, madaraja mawili ya ndani yaliyoning'inizwa kwa vyuma kutoka darini yaliporomoka juu ya umati uliokuwa umekusanyika ukumbini kwa ajili ya dansi. Watu 114 walikufa. Ilionekana kwamba vyuma vya kuning'inizia, ambavyo kwenye usanifu wa kwanza vilipita moja kwa moja, vilibadilishwa vikawa vipande viwili, na badiliko hilo liliongeza mara mbili mzigo kwenye maungio ya daraja la juu. Kompyuta haikuhusika wala picha ya kioo haikuhusika. Kilichohusika ni karatasi: michoro ya awali upande mmoja uliitoa kama hatua, upande mwingine ukaipokea kama neno la mwisho, na badiliko likapita bila mtu kurudia hesabu. Wahandisi wahusika walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri. Sasa fikiri: ikiwa karatasi zilizopita mikononi mwa wataalamu zilileta balaa hilo, itakuwaje kwa picha inayorukaruka kutoka simu hadi simu, isiyo na muhuri wala tarehe?

Basi tufanyeje? Tuache kupiga picha? Hapana. Picha ni msaada mkubwa. Inamwezesha mama aliye kijijini kuona nyumba anayojengewa na mwanawe, bila kununua programu ya mamilioni. Ninachodai ni kwamba picha ibebe kipimo chake yenyewe.

Yule mchoraji wetu, badala ya kuandika SKELI 1:100 peke yake, angeweza kuchora kijimstari na kuandika juu yake MITA 5. Picha ikifinywa, kijimstari kinafinywa nayo. Ikitandazwa, kinatanda. Popote itakapofika, hata ikichapwa kwenye fulana, fundi ataweka rula yake pale kwanza na kujua sentimita moja ni mita ngapi. Maneno ya skeli hukaa bila kujali picha imepatwa na nini. Kijimstari huugua pamoja na picha. Huo ndio ukweli unaoweza kusafiri.

Na ndiyo sababu naipenda picha ya kioo kizima kuliko ile iliyokatwa ikang'arishwa. AutoCAD inakuruhusu kuficha vikorokoro vingi kwa kubonyeza Ctrl na sifuri, ili mchoro upate nafasi zaidi. Inapendeza kweli. Lakini kioo kizima kina jina la faili juu, mstari wa amri chini, saa kwenye kona, na pengine orodha ya leya pembeni ikionyesha taa zipi zimezimwa. Picha hiyo inamwambia anayeitazama: kulikuwa na mtu hapa, alikuwa anafanya kazi, hii ni saa fulani, na mambo haya ameyazima. Kingo zake zinaonekana. Hata hivyo sisemi kingo zote zionyeshwe kila mara. Kioo kizima kinaweza kutoa nje jina la mteja mwingine, au ujumbe wa mkeo. Watu wana haki ya siri zao. Kata hizo, lakini usikate kile ambacho mwenzako anakihitaji ili asiumie.

Wewe kijana mwenzangu unayeandika hadithi daftarini usiku, nadhani umekwishaona ninakoelekea. Sisi nasi tunazima leya. Mtu anaandika kisa cha mke mkorofi, anazima leya ya kipigo alichokuwa akikipata mke huyo. Anaandika kuhusu jirani yake, anabadilisha jina tu, kisha juu anaweka maneno "kisa cha kweli". Kila tukio lilitokea, hakutunga hata moja. Lakini "kisa cha kweli" kwenye hadithi kama hiyo ni SKELI 1:100 kwenye karatasi ya steshenari. Yalikuwa maneno ya haki kule maishani, kulikokuwa na leya zote. Yamehamia kwenye kurasa sita, yameharibika njiani.

Mimi nina riwaya niliyoianza, nayo inahusu watu ninaowajua. Nimeamua msimulizi wangu awe na mahali pa kusimama panapoonekana: alikuwa dirishani, hakuwemo chumbani, alikuwa na wivu, na asomaye ataujua wivu huo tangu ukurasa wa kwanza. Hicho ndicho kijimstari changu cha mita tano. Asomaye akiona mambo yamefinywa, aweke rula pale, ajue yamefinywa kwa kiasi gani.

Ila kuna swali moja linanishinda, nami nawaachieni mlijadili. Yule mchoraji aliyezima taa kwa kuagizwa na dalali, naye ana watoto wa kulisha, na akikataa yupo mwingine nje anayesubiri kiti. Tumhukumu sawa na dalali? Mzee wangu fundi mwashi anasema ndiyo, kwa sababu kidole kilichozima kilikuwa chake. Mimi moyo wangu unasita, lakini kila nikimkumbuka yule mjane na alama nyekundu ukutani mwake, nakosa la kumjibu mzee.